Sindano Nilizomchoma Ndeshi

Nkoaranga, Jumamosi mchana

Eliaika mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Lemara kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula ukashiba, kwa hiyo nina saa tatu au nne za kukaa na karatasi hii. Mambo ya sweta, pasipoti na nani atakupokea huko uendako sitayaandika. Umeshaambiwa na kila mtu, hata mchungaji kayataja kanisani. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu ukiwa darasa la tano, na wiki nzima hii nimejaribu kukwambia nikashindwa. Kila nikikohoa ili nianze, unaniuliza kama nimepata mafua.

Barua nitaiweka ndani ya Biblia ya mama yako, ambayo umesema lazima uibebe. Nitakuomba usiifungue Biblia hiyo mpaka ufike. Ungesoma haya ukiwa hapa usingeondoka, nakujua.

Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani, nilikuomba unieleze tena hiyo kazi unayokwenda kuisomea, maana watu wananiuliza na mimi nawajibu "kompyuta" tu, kama vile unakwenda kuchapa barua za ofisini. Ukachukua kalenda ya mwaka jana, ukaigeuza, ukachora kitu kama konokono.

"Sikio la ndani limejikunja hivi, Baba," ukasema. "Ndani kuna maji, na kwenye maji kuna seli zenye vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinywele vinainama. Vikiinama, seli inaugusa mshipa wa fahamu, na mshipa unatuma mapigo kwenye ubongo." Ukagonga meza kwa kidole, mara upesi, mara taratibu. "Ubongo hausikii sauti. Unapokea mapigo tu."

Nikakuuliza kompyuta inaingia wapi hapo.

"Huwezi kumfungua mtu aliye hai sikio uhesabu mapigo ya mshipa wake. Kwa hiyo tunaandika hesabu zinazofanya kazi kama sikio. Unaipa kompyuta sauti, yenyewe inakuambia mshipa huu ungepiga lini na ule ungepiga lini. Halafu unalinganisha na vipimo vya kweli vilivyochukuliwa kwa wanyama. Vikifanana, umeelewa kidogo. Visipofanana, hujaelewa, unaanza upya."

Nilipenda ulivyosema hivyo. Nikauliza, "Na Ndeshi?"

Ukashusha sauti. Ndeshi alikuwa amekaa palepale mezani akimenya ndizi, na kushusha sauti mbele yake hakuna maana yoyote, lakini wote nyumbani humu tunafanya hivyo tukimtaja mdogo wako. Ukasema vinywele vyake vimekufa na vikishakufa havioti tena. Ila mshipa wenyewe huenda bado uko hai, unangoja tu mtu wa kuugusa. Viko vifaa wanavyoweka ndani ya sikio vya kuugusa kwa umeme, lakini lugha ya mshipa haijajulikana vizuri, na ndiyo kazi unayoifuata huko.

"Ni ile homa iliyoviua," nikasema.

Sikuwa nauliza, Eliaika. Nilikuwa narudia maneno niliyoyasema kwa miaka kumi na zaidi.

"Homa inaweza," ukajibu, huku unaendelea kuchora. "Au dawa. Streptomaisini na ndugu zake zinaua vinywele hivi kabisa. Ile wanayochomwa ng'ombe ndiyo mbaya zaidi, kwa watu siku hizi hawaitumii. Lakini Ndeshi ulimchoma penisilini, na penisilini haidhuru masikio."

Nikainuka nikasema nakwenda kuangalia maji ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na maji.

Sasa nisikilize. Unakumbuka nilivyokuwa zamani, na huenda unakumbuka vizuri kuliko nilivyostahili. Nilikuwa bwana mifugo. Nilipanda pikipiki ya serikali mpaka Kisongo na kule mbele kwa wafugaji, na wakiniona wanaleta ng'ombe hata kabla sijavua kofia. Nilikuwa na mkono mwepesi. Wazee wa kule walikuwa wanasema ng'ombe hajui kama nimemchoma. Nilizipenda sifa hizo. Nilizoea kutoulizwa.

Kisha ikaja ile miaka ya kupunguza watu kazini. Tuliitwa siku moja tukapewa barua, tukarudisha pikipiki na koti. Wakati huohuo biashara zikaruhusiwa, kila mtu akafungua kitu. Mimi nilifungua duka la dawa za mifugo pale Tengeru, karibu na soko. Lilikuwa chumba kimoja chenye rafu mbili. Watu waliendelea kuniita "Daktari", na wakati zahanati ya serikali haina hata vidonge vya kichwa, walianza kuniletea na watoto wao. Nilikuwa nawarudisha. Nakuapia, watoto wa watu niliwarudisha wote.

Ndeshi alikuwa na miaka mitano. Homa ilimpata masika, mvua ikiwa imekaa siku ya pili au ya tatu bila kukatika. Unakumbuka mwenyewe alivyokuwa anatetemeka. Mama yako akasema, "Baba Eliaika, mtoto huyu tumpeleke hospitali." Nami nikamjibu maneno ambayo nimeyasikia kila siku tangu hapo: "Ya nini hospitali, wakati nina duka zima la dawa?"

Hospitali haikuwa mbali. Ilikuwa kupanda tu kile kijia, na kijia kilikuwa kinateleza, ndiyo, lakini mama yako alikwishajifunga kanga na mtoto yuko mgongoni. Mimi ndiye niliyemfungua mtoto nikamrudisha kitandani. Sikutaka wanione, mimi Daktari, nimepanga foleni na mtoto wangu kama mtu asiye na maarifa.

Dukani hakukuwa na penisilini ya watu. Nilikuwa na chupa ya mifugo, ile ya maji meupe mazito ambayo ndani yake penisilini imechanganywa na streptomaisini ya aina ya ng'ombe. Chupa ilikuwa na picha ya ng'ombe. Niliibandua ile karatasi njiani, pale darajani, nikaitupa mtoni. Kwa hiyo usidhani sikujua ninachokifanya. Mtu anayedhani anafanya jambo jema habandui karatasi.

Nilimkadiria uzito kama ninavyomkadiria ndama, kwa macho. Nilimchoma asubuhi na jioni, siku saba. Wewe ndiye uliyekuwa unamshika miguu. Nimefikiri sana kama niandike hilo au niliache, nikaona utalikumbuka mwenyewe ukifika hapa, bora ulisikie kwangu. Ulikuwa mtoto, uliambiwa na baba yako ushike miguu ya mdogo wako, ukashika. Ulikuwa unamwimbia wimbo wa Shule ya Jumapili ili asilie. Sehemu yako katika jambo hili ni huo wimbo tu, na huenda ni sauti ya mwisho nzuri aliyoisikia. Usijitwishe kingine chochote.

Homa ikaisha. Nikatembea kijijini kifua mbele.

Wiki iliyofuata mama yako alikuwa jikoni, mfuniko wa sufuria kubwa ukamponyoka ukagonga jiwe la jiko. Mimi niliyekuwa uani nilishtuka. Ndeshi alikuwa amechuchumaa hatua mbili kutoka kwa mama yake, amempa mgongo, anachora kwenye majivu kwa kijiti. Hakugeuka. Mama yako akaokota mfuniko, akaugonga tena, kwa makusudi. Akaugonga mara ya tatu. Nilimwona kupitia mlangoni, na kabla hajaniita nilishajua.

Nilikwenda dukani siku hiyohiyo. Ndani ya boksi la zile chupa kulikuwa na karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilitosha. Yameandikwa, Eliaika. Masikio yameandikwa. Nilikuwa nimeuza dawa ile miezi mingapi bila kuisoma karatasi yake, kwa sababu niliijua tangu chuoni na mkono wangu ni mwepesi. Nikaichoma moto, na chupa zilizobaki nikazitumbukiza chooni.

Ndipo tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mtu mpole, wala hana kosa lolote katika habari hii. Alimwangalia Ndeshi masikio, akampigia kengele ndogo huku na huku. Kisha akaniuliza, "Alipokuwa na homa alipewa dawa gani?"

"Penisilini," nikasema.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akaandika. Akasema basi itakuwa ni homa yenyewe, homa kali inaweza kupanda kichwani ikaharibu kusikia. Mama yako alikuwa amekaa pembeni yangu na Ndeshi mapajani. Akauliza swali moja tu: "Na kunyeshewa, daktari? Mtoto akinyeshewa anaweza kupata homa ya namna hiyo?" Daktari akasema hawezi kujua. Alijibu kiungwana tu, lakini mama yako alilichukua jibu lile akarudi nalo nyumbani, akaishi nalo.

Maana siku mbili kabla ya homa alikuwa anapalilia kahawa kule shamba la chini, akamlaza Ndeshi kwenye majani ya mgomba, na mvua ikawapata huko. Hilo tu. Mama wote wa mlima huu wamewahi kufanya hivyo. Lakini bibi yenu alipokuja kumwona mjukuu, akakaa pale kwenye kiti cha mlangoni, akasema mbele ya watu wote, "Ulimlaza chini mvuani. Sasa umeona."

Mama yako akageuza kichwa. Alinitazama mimi.

Ningeweza kusema. Lilikuwa ni neno moja. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikanywa.

Mwanangu, watu watakapokuuliza baba yako alikosa nini, wengi watataja sindano. Sindano ilikuwa kiburi na ujinga, na ninailia. Lakini kile kikombe cha chai ndicho kinachoniamsha. Sindano niliichoma nikitaka mtoto apone. Chai niliinywa nikitaka mimi nisalimike.

Tangu siku ile mama yako hakuwahi tena kwenda shambani na mtoto. Nadhani wewe ulifikiri ni tabia yake tu, ya kuogopa mawingu. Unakumbuka alivyokuwa anatoka mbio na mwavuli kwenda kukupokea shuleni hata kwa manyunyu? Ulikuwa unamwonea aibu mbele ya wenzako. Ulimwambia siku moja, "Mama, mimi siyo sukari." Akacheka, akaendelea kuja. Nilikuwepo. Nilijua kwa nini anakuja.

Ndeshi alipopelekwa shule ya viziwi, mama yako, aliyeishia darasa la nne, alikwenda akakaa huko wiki mbili, analala kwa mpishi wa shule, ili ajifunze lugha ya alama. Akarudi akatufundisha sisi. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, alama zake nyingine zilikuwa hazieleweki, na Ndeshi alikuwa anamcheka mpaka machozi. Ilikuwa furaha kubwa humu ndani, nisikudanganye. Hatukuishi kwenye majonzi kila siku. Hilo nalo lilinipa ruhusa ya kunyamaza. Nikasema moyoni, tazama wanavyocheka, nitaharibu nini tena?

Sasa nifike kwenye siku za mwisho za mama yako. Wewe ulikuwa chuo Dar, kwenye mitihani, na yeye ndiye aliyenikataza kukuita. Ulipofika alikuwa amekwisha kupoteza fahamu, kwa hiyo hili hukuliona.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kitandani. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mkono hauinuki. Akaniambia nimwite Ndeshi. Ndeshi akaja akasimama miguuni pa kitanda ili aone midomo na mikono. Mama yako akajaribu kuinua mkono, ukaanguka. Akasema, "Baba Eliaika, nisaidie. Mwambie kwa mikono yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie anisamehe ile mvua."

Nikasimama pale. Ndeshi ananitazama mikono, anangoja. Mama yako ananitazama. Na mimi, Eliaika, nilimwambia. Nilifanya alama ya mama, nikafanya alama ya mvua, nikafanya alama ya kuomba msamaha, nikarudia vizuri ili aelewe. Kwa mikono hii hii iliyomchoma.

Ndeshi akaenda akamshika uso. Akamwambia, kwa alama kubwa kama anamwambia mtoto mdogo, "Hakuna kosa. Hakuna kosa." Mama yako akalia, akashukuru. Alikufa siku ya tatu yake, amesamehewa kosa ambalo hakulifanya, na mwenye kosa ndiye aliyekuwa mkalimani.

Wazee wa kanisa walinipongeza kwa jinsi nilivyomuuguza.

Siwezi kwenda kumwambia sasa. Nimekwenda kaburini mara nyingi, nimesema kwa sauti, na naona ni maneno ya mtu anayejifariji. Mtu wa kusikia hayupo. Kama kuna kitu nimejifunza kwa machungu ni hicho: kuna watu wawili au watatu tu duniani ambao kweli yako ni mali yao, na wakiondoka hujawarudishia mali yao, unabaki nayo mkononi haina pa kwenda. Nilidhani nina muda. Mama yako alikuwa mzima kuliko mimi.

Baada ya yale maneno yako ya Jumapili sikulala vizuri mpaka Jumatano. Jumatano asubuhi nilimkuta Ndeshi anakata majani ya ng'ombe chini ya migomba. Nikamwomba aweke panga chini. Nikamwambia yote. Alama yangu ya dawa anaijua, alama ya ng'ombe anaijua, lakini ilinibidi nirudie mara mbili, kwa sababu hakuamini nimeunganisha maneno hayo mawili. Akaelewa. Nilidhani ataniuliza juu ya masikio yake. Hakuuliza. Aliuliza kitu kimoja.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Mpaka alipokufa?"

"Hakujua."

Akaokota panga, akanigeuzia mgongo, akaendelea kukata. Nikazunguka niwe mbele yake, akageuka tena. Nikazunguka tena. Ndipo nikaelewa anachofanya. Wewe mtu akikukasirikia unaweza kusema naye mlangoni, ukasema naye kupitia ukuta, akitaka asitake maneno yatamfika. Ndeshi akitazama pembeni nimenyamazishwa. Leo ni siku ya nne. Ananiwekea chakula, anafua nguo zangu, ananipita. Hajanitazama uso wala mikono. Ulipouliza jana, "Baba, mna nini na Ndeshi?" nikakujibu ni huzuni ya wewe kuondoka. Huo ndio uwongo wa mwisho niliokuambia, na nimeuandika hapa ili ujue.

Sikuandikii ili unitafutie njia ya kutokea. Najua utataka. Utasema hata homa ingeweza, utasema watoto wengine wamechomwa dawa hiyo wakabaki wanasikia, utakwenda maktaba kutafuta. Huenda ni kweli na huenda hutapata jibu kamwe. Mimi nilibandua karatasi, nikamdanganya daktari, nikanywa chai. Hayo hayahitaji maktaba.

Ila kuna mawili nataka uyasikie kabla shangazi yako hajakurudisha.

La kwanza ni juu ya Ndeshi. Uliposema unakwenda kusomea sikio, nilifurahi kupita kiasi, na sasa nakuambia kwa nini. Niliona utatengeneza nilichoharibu, na kikishatengenezwa hakuna atakayeuliza kilivyoharibika. Nilikufanya fundi wangu bila kukuambia. Nakuachilia kutoka kwenye kazi hiyo. Kama utaipenda hesabu ya mapigo kwa sababu ni nzuri, ipende. Lakini usikeshe kwenye kompyuta kwa ajili ya kumlipa mdogo wako, na usije siku moja na kifaa ukamwekea kichwani kabla hujamuuliza. Mwaka jana nilimwonyesha gazeti lililoandika habari za vifaa hivyo. Alisoma, akanirudishia, akasema, "Mimi siyo redio mbovu." Anataka kuwa mwalimu wa viziwi. Hilo ndilo analolitaka, na tulikuwa hatujamuuliza.

La pili ni lile ulilonisimulia ulipomaliza chuo. Ulisema katika kazi yako ya mwisho kipimo kimoja kilikataa kukaa kwenye mstari, vingine vyote vilikaa, na mwenzako akakuambia ukifute kwa sababu hakuna atakayejua. Hukukifuta. Ukapata alama ndogo kuliko yeye, ukaja hapa umenuna. Nilikuambia umefanya vizuri, kama baba yeyote angesema, kisha nikatoka nje nikakaa nyuma ya banda nikaona aibu mpaka giza likaingia. Binti yangu wa miaka ishirini na mbili aliweza kukiacha pale, kila mtu akione, kile ambacho kinamwonyesha amekosea mahali. Mimi nilikuwa na hamsini sikuweza. Sijui ulijifunza wapi. Si kwangu. Nadhani ni kwa mama yako, aliyekuwa tayari kukubali hata kosa lisilo lake.

Huko uendako watakuita mtaalamu mapema kuliko inavyofaa. Mkono wako utakuwa mwepesi na watu watakusifu. Sina ushauri wa maana juu ya hilo. Nakuambia tu kwamba mimi nilianza kupotea siku watu walipoacha kuniuliza maswali, na nilikuwa naiona kama siku ya heshima.

Nilikuwa nimefika hapa ninataka kuandika kwaheri, Ndeshi akaingia na mzigo wa majani. Sijui kama ni uchovu au nini, lakini sikufunika karatasi. Akasimama nyuma yangu. Nikasogea. Amezisoma kurasa zote akiwa amesimama, majani yakiwa bado begani, na alipofika kwenye ukurasa wa mama yako kitandani aliusoma mara mbili. Ameniomba kalamu kwa kunyoosha mkono, bila kunitazama. Nikimaliza mistari hii nitampa kiti changu. Atakayoandika sitayasoma, nitakunja tu.

Nenda salama, Eliaika. Nilikuwa mtu wa kwanza kukubeba ulipozaliwa, na tangu hapo hujanipa hata siku moja ya kujutia kuwa baba yako. Kilichobaki nakiacha mikononi mwako ukiamue huko huko, bila haraka, na bila kunionea huruma.

Baba yako,
Anaeli

Dada Eli,

Nimesoma yote. Ni kweli, aliniambia Jumatano. Sikukasirika kwa ajili ya masikio, hayo siyakumbuki. Nimekasirika kwa ajili ya Mama. Nilimshika uso nikamwambia hakuna kosa, akalia, na Baba amesimama pale.

Usirudi kwa sababu ya hili. Soma. Baba nitampikia na akiumwa nitamuuguza, lakini kumtazama bado siwezi, na sijui ni lini.

Ukifika andika barua mbili, moja yangu na moja yake. Usiziweke kwenye bahasha moja.

Ndeshi